Siku Nilipoifungua Seva ya Ofisi ya Maji

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo sijaweza kuisahau ingawa kichwa changu sasa kimejaa mvi. Ni asubuhi niliyoifungua seva ya ofisi ya mradi wa maji hapa Karatu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimerudi kutoka Arusha na cheti cha ufundi wa kompyuta, na nakiri kwamba cheti kile nilikivaa kama watu wanavyovaa nguo ya sikukuu. Nilitaka kila ninayekutana naye akione.

Siku hizo mji wetu ulikuwa na kompyuta chache sana. Ofisi ya maji ilikuwa nazo nne za mezani, lakini zenyewe hazikuhifadhi kitu. Kila barua, kila ramani na kila kipimo kilikaa kwenye mashine moja kubwa katika chumba cha nyuma, na zile nne zilichota humo kwa njia ya waya. Hiyo ndiyo seva. Hata wakati ule ilikuwa imeshazeeka, maana wafadhili waliitumia kwao miaka mingi kabla ya kutuletea. Lilikuwa sanduku zito la bati, kimo chake kinanifika kiunoni, na likiwashwa lilivuma hadi kioo cha dirisha kikatetemeka.

Aliyelitunza sanduku hilo aliitwa Mzee Amsi. Alikuwa mhudumu wa ofisi, Mwiraqw wa Buger, mtu wa maneno machache ambaye hakusoma kupita darasa la saba. Kazi aliyoajiriwa ni kufungua milango, kuchemsha chai na kupeleka barua. Lakini tangu mashine ile iliposhushwa garini, yeye ndiye aliyeifuta vumbi, na yeye ndiye aliyejua ikilia hivi inataka nini. Mafundi wa Arusha walipokuja kuifunga aliwashikia tochi, akaangalia, akakumbuka.

Basi siku moja seva ikazimika, isiwake tena. Mkuu wa ofisi, Mhandisi Elinami, mama kutoka Kilimanjaro aliyezungumza haraka na kutembea haraka, akaagiza niitwe. Mzee Amsi alinipokea mlangoni.

"Binti, kabla hujagusa kitu," akasema, "ngoja nikuonyeshe vitu vinavyokaa humo ndani."

"Asante mzee wangu," nikamjibu, "lakini haya mambo nimeyasomea."

Aliniangalia kidogo, akaenda zake jikoni kuchemsha chai.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Nilifungua ubavu wa sanduku, nikaenda moja kwa moja kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa mashine umeme, nikakuta kapasita moja, kikopo kidogo cha kuhifadhi umeme, imevimba na kupasuka kichwani. Stoo kulikuwa na kompyuta mbovu. Nikang'oa ya huko, nikachomea, na saa moja haikupita kazi ikawa imekwisha. Ningefunga sanduku pale pale na kuwasha, ningetoka mle ndani nikisifiwa. Sikufunga. Ulikuwa wakati wa kiangazi na unalijua vumbi letu jekundu. Lilikuwa limeingia kila pembe. Nami nilikuwa sijawahi kuona mashine ya aina ile ila kwenye picha za kitabu. Nilitaka nishike kila kitu, na nilitaka Mhandisi akute inang'aa.

Nikatandaza magazeti sakafuni, nikaanza kutoa. Nilitoa feni mbili kubwa. Nikatoa kadi ndefu inayoziongoza diski, halafu waya bapa wa kijivu, mpana kama mkanda wa suruali, uliopita kutoka diski moja hadi nyingine. Nikatoa diski zenyewe, nne, kila moja nzito kama tofali. Nyuma ya kila diski palikuwa na safu ya pini nyembamba, na baadhi ya pini zilivikwa jampa. Jampa, kama hujawahi kuiona, ni kifuniko kidogo cha plastiki kisichofika punje ya mtama, kinachoziunganisha pini mbili. Nikazichomoa zote ili brashi ipite vizuri, nikaziweka kwenye kisoda. Zilikuwa nne.

Wakati wa kurudisha nikatazama kisoda, nikatazama diski. Jampa nne, diski nne. Sikuwa nimeangalia zilikaaje mwanzo, lakini hesabu ile ilinitosha. Nikazivika moja moja, zote mahali pamoja, zikapendeza kwa kufanana.

Leo najua nilichofanya. Jampa zile ndizo zinazoipa kila diski namba yake. Ya kwanza haivai jampa kabisa. Ya pili inavaa moja, ya tatu inavaa moja lakini kwenye pini nyingine, na ya nne inavaa mbili. Mimi nilizipa zote namba ile ile, kama mwalimu aliyewapa wanafunzi wanne jina moja halafu akaliita. Zaidi ya hapo, nilikuwa nimezichanganya hata nafasi zake, nisijue ipi ilikaa juu na ipi chini.

Nikawasha. Sanduku likavuma, kioo cha dirisha kikatetemeka, moyo wangu ukafurahi. Kisha kwenye skrini yakatokea maandishi kwamba mpangilio wa diski haujulikani, na swali: je, nitengeneze mpangilio mpya? Nilijua maana ya swali lile. Ningekubali, kila kilichokuwamo kingefutika. Nilikiondoa kidole changu kwenye kibonyezo, nikazima. Katika siku ile nzima, mwanangu, hilo ndilo jambo pekee la akili nililolifanya.

Mhandisi Elinami akaingia na kikombe cha chai mkononi.

"Vipi, fundi? Nimesikia ikiunguruma."

Hapo ndipo nilipokosea kweli kweli. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Niliisikia kabisa sentensi ya kusema ikifika mdomoni. Badala yake nikasema, "Nimekuta diski zimekufa, mama. Nadhani mtu alikuwa akiizima kwa swichi ya ukutani bila kufuata utaratibu."

Aliyekuwa akiiwasha na kuizima alijulikana. Alikuwa amesimama nyuma ya Mhandisi na sinia la vikombe. Mzee Amsi alinitazama usoni, kisha akatazama sakafuni, kwenye magazeti yangu, akatoka. Jioni ile ile aliambiwa akae kwao Buger mpaka viongozi wa mradi wakutane wazungumze habari zake.

Kesho yake ndipo nilipojua kilichokuwa ndani ya diski zile. Wapimaji wa mradi walizunguka muda mrefu upande wa Ngorongoro, huko Endulen hadi Kakesio, wakipima ardhi kwa vyombo ili kujua maji yako wapi, yako kina gani, na kama ni matamu au yana magadi. Vipimo vyote viliandikwa kwenye seva. Madaftari ya karatasi yalibaki stoo, yakaliwa na mchwa, yakachomwa moto, na hakuna aliyejali kwa sababu mashine ilikuwepo. Sasa mtambo wa kuchimba ulikuwa umekodishwa kutoka mbali, na wiki iliyofuata ulitakiwa uwe Kakesio. Ungekaa huko siku chache tu, kisha uondoke kwenda kwa wengine.

Siku hiyo hiyo aliingia ofisini Mzee Lekishon, mwakilishi wa kamati ya maji ya Kakesio. Alikuwa amesafiri siku mbili, moja kwa miguu na nyingine juu ya lori, aje kuongozana na wachimbaji. Alikuwa amevaa lubega yake nyekundu na koti zito la mtumba juu yake. Mhandisi alikuwa kwenye simu, kwa hiyo alikaa na mimi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani kwetu, kisha akauliza, "Yuko wapi Amsi? Nikija hapa huwa ananipa chai."

"Yuko kwao, mzee."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

Kisha akaniambia kwamba zamani walishachimbiwa kisima na watu wengine. Watu wale hawakupima. Walichimba karibu na barabara kwa sababu gari lilifika vizuri. Maji yalitoka mengi, watu wakaimba, lakini ng'ombe waliyanusa wakageuka. Watoto waliyanywa kwa sababu hawakuwa na mengine, na meno yao yakawa ya kahawia. Yeye mwenyewe ndiye aliyewatembeza wapimaji wa safari hii, akawaonyesha mabonde yote, na walimwambia kuna mahali patatu pazuri. Lakini yalikuwa mapori yanayofanana. Asingeweza kusimama leo akasema ni hapa na si pale.

"Wameniambia ile mashine imekufa," akasema. "Ni kweli?"

Nikasema, "Ni kweli, mzee."

Hakunilaumu. Alijifunga vizuri lubega yake, akasema, "Basi tutachimba popote, tumwombe Mungu."

Mwanangu, nimewahi kugombezwa na watu wengi maishani, na karibu wote nimewasahau. Yeye hakunigombeza, na sauti yake naisikia mpaka leo. Chakula cha mchana kilinishinda. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikijiambia kwamba labda kweli diski zilikuwa zimekufa, labda si mimi. Lakini nilijua. Diski zote nne nilizisikia zikizunguka kwa sauti safi. Zilikuwa hai, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba ziko hai.

Asubuhi iliyofuata nilipata lifti kwenye pikapu iliyokuwa ikipeleka mbegu upande wa Buger, nikashuka njia panda, nikauliza nyumba kwa nyumba. Nilimkuta Mzee Amsi shambani na mkewe, wakivuna mbaazi. Nikamwamkia. Akaitikia, akaendelea kuvuna. Sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nikaingia kwenye mstari wa pili nikaanza kuvuna nami. Tulifika karibu na mwisho wa shamba ndipo nikaweza kufungua mdomo. Nikamweleza yote: kapasita, magazeti, jampa, swali la kwenye skrini, na uongo.

Alimaliza mstari wake. Kisha akakaa chini kwenye tuta.

"Nilijua," akasema. "Siku ile niliona jampa kwenye kisoda. Wale mafundi wa zamani hawakuzitoa hata siku moja."

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Ningesema, ungekana. Tungekuwa mzee na binti tunabishana mbele ya mkubwa, na nani angeniamini mimi juu ya kompyuta? Nilitaka uje mwenyewe. Nilikupa mpaka Jumatatu. Jumatatu ningekuja kusema, watake wasitake."

Mkewe alileta uji kwenye vikombe vya bati. Nilishindwa kumtazama usoni. Mzee Amsi alikunywa wake taratibu, kisha akaniambia maneno ambayo nimewarudia wanafunzi wangu wote.

"Kuharibu kwako hakunisumbui sana. Hata mimi nimeharibu vitu vya watu. Siku moja niliimwagia chai kompyuta ya mhasibu. Na mimi kukaa nyumbani si kitu, mbaazi zimevunwa. Kinachoniuma ni hiki: umewaambia watu kwamba kitu hakipo, na wewe unajua kipo. Diski iliyokufa inatupwa. Iliyochanganywa inapangwa. Watatofautisha vipi kama hujawaambia ulichofanya? Watu wa Kakesio watakwenda kuchimba kwa kubahatisha kwa sababu wewe unaona aibu."

Nililia. Akaniacha nilie. Kisha akaingia ndani, akatoka na shati safi.

"Tunaanza kwa Mhandisi," akasema. "Mashine baadaye."

Tulifika Karatu saa nane mchana. Mhandisi Elinami alinisikiliza akiwa amesimama, kalamu mkononi. Nilipomaliza aliiweka kalamu mezani, na nilitamani atukane, ningepumua. Alimgeukia kwanza Mzee Amsi.

"Mzee, nisamehe. Sikukuuliza hata neno moja."

"Tumeshafika, mama," Mzee Amsi akajibu. "Tufanye kazi."

Kisha akanigeukia mimi. "Ya uongo tutayazungumza siku nyingine, na utayasema mbele ya wote. Sasa nieleze mikono yako ilifanya nini, moja baada ya nyingine, usiruke kitu."

Tukaingia chumba cha nyuma. Safari hii sikugusa. Nilikaa kwenye kiti nikaliangalia sanduku lililo wazi, na Mzee Amsi akaniambia anachokumbuka. Diski yenye pembe iliyobonyea ilikaa chini kabisa. Ilibonyea siku ya kushusha garini na alikuwepo. Diski yenye doa la rangi nyeupe ilikaa juu kabisa, na kila akifuta vumbi alikuwa akiliona doa lile kwanza. Mbili za katikati zilifanana kama mapacha, na hapo kumbukumbu yake ilikoma.

"Hizi siwezi kukudanganya," akasema. "Sijui."

Mhandisi akatoa mezani kwake kioo cha kukuzia, kile alichosomea ramani ndogo. Nikazisogeza diski dirishani, kwenye mwanga wa jua la alasiri, nikatazama pini zake moja moja. Nilitazama muda mrefu. Mwanzoni zote zilikuwa sawa. Kisha nikaanza kuona tofauti. Pini zilizokaa wazi miaka yote zilikuwa zimefifia, zina utando kama wa sarafu ya zamani. Pini zilizofunikwa na jampa zilibaki na mng'ao wake. Ile ya juu kabisa haikuwa na pini inayong'aa hata moja zaidi ya pale nilipoibandika jampa yangu, napo palikuwa na mikwaruzo mipya tu. Ile ya chini kabisa ilikuwa na mahali pawili panapong'aa. Na zile mapacha, moja iling'aa kulia, nyingine iling'aa kushoto.

Nikampa Mzee Amsi kioo. Alitazama, akatazama tena, akampa Mhandisi.

"Kwa hiyo zimejiandika zenyewe," Mhandisi akasema.

Nikaomba nipumzike kidogo, wakanisubiri. Kisha nikarudisha jampa: ya juu hakuna, zile mapacha moja moja, kila moja pale palipong'aa, ya chini mbili. Nikapitisha waya bapa kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, maana waya uliokaa namna moja miaka mingi unakataa kukunjika kwingine. Nikawasha.

Sanduku likavuma. Maandishi yakapita, yakapita, na safari hii hapakuwa na swali. Mhandisi alikimbilia kompyuta ya chumba cha mbele, nasi tukasikia sauti yake ikitoka huko, ya kawaida kabisa: "Ninaiona Kakesio."

Mzee Lekishon alikuwa amekaa nje kwenye kivuli cha ukuta. Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Nilimwambia mashine imepona, na nilimwambia pia kwamba jana nilimdanganya na kwa nini. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sasa umesema vizuri," akaniuliza kama Amsi ameshabandika chai.

Siku ile hatukuondoka mpaka vipimo vyote vimechapishwa kwenye karatasi na kunakiliwa kwenye kompyuta mbili. Jumatatu asubuhi nilisimama mbele ya wafanyakazi wote nikasema nilichofanya. Jina la Mzee Amsi likasafishwa mahali pale pale lilipochafuliwa.

Wachimbaji walikwenda Kakesio. Mahali pa kwanza hapakutoa kitu cha maana, na nilipopata habari hiyo sikulala vizuri. Mahali pa pili, siku moja kabla ya mtambo kuondoka, maji yalitoka. Mzee Lekishon alinitumia salamu kwa dereva: ng'ombe wameyanywa.

Mimi sikupata ajira katika ofisi ile, na ilikuwa haki. Mhandisi aliniambia wazi kwamba kwa mwaka ule hawezi kunikabidhi funguo. Lakini miezi michache baadaye feni ya seva ilipoharibika, Mzee Amsi ndiye aliyesema niitwe mimi. Nilifika, nikamwamkia, nikasimama mlangoni nikamwomba anionyeshe vitu vinavyokaa humo ndani. Akanionyesha kimoja kimoja, nusu siku nzima, na nilijifunza mengi kuliko nilivyojifunza Arusha. Duka hili ninalokufundishia wewe leo kutengeneza simu na kompyuta za watu lilianzia hapo.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike, mwanangu. Ukifungua kitu kilichotengenezwa na wengine, kaa kwanza ukiangalie kabla hujakigusa, uandike kila kitu kilivyokaa. Ukiona kitu hujui kazi yake, usikitoe kwa sababu tu kina vumbi. Mtafute anayeishi nacho kila siku, hata kama kazi yake ni kufagia, umwulize, kwa sababu amekaa nacho siku ambazo wewe hukuwepo. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, useme mikono yako ilifanya nini hasa, hata kama sauti inatetemeka. Kosa likisemwa mapema huwa bado lina njia ya kurekebishwa. Ukilifunika, unamfunikia na mwenzako asiyehusika, na huenda unawafunikia watu wa mbali ambao hutawaona kamwe. Na siku moja utakapokuwa mkubwa, kijana akija kwako kukiri, mwulize kwanza alifanya nini, mlirekebishe kosa pamoja, halafu ndipo umkemee.

Nenda ukafanye kazi. Mungu ayape macho yako subira na mikono yako utulivu. Akupe wazee watakaokuambia ukweli bila kukuvunja, na akupe moyo wa kuwasikiliza. Kila utakachokifungua kifungike salama, na nyumba yako isipungukiwe maji wala amani.